Picha Kwenye Boneti

Mimi ndiye niliyeifunga ile picha mbele ya gari. Nataka lijulikane tangu mwanzo, maana kuna watu mpaka leo wanamlaumu mwalimu, na mwalimu ni mtu mpole, hajitetei. Si yeye. Ni mimi, kwa mikono yangu hii, saa moja asubuhi, kwa kamba ya manila niliyoitoa dukani kwangu. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua tatu, nikaitazama, nikajisifu.

Tulikuwa tunakimbia kwa ajili ya rafiki yetu. Figo zake zimekataa kufanya kazi, na mara mbili kwa wiki analazwa kwenye mashine ya kusafisha damu hospitalini, mjini Kisii, saa nne nzima bila kunyanyuka. Tulisoma naye shule ya msingi, Sironga. Mwalimu pia alikuwa darasa letu, na sasa anafundisha hapo hapo. Yeye ndiye aliyeleta wazo: siku nne za mbio, tuanzie Suneka, tupite Kisii mjini, tupite Itumbe kwenye majani chai, tupite Keroka, tumalizie uwanja wa shule yetu Sironga, na njia nzima tuwe tunamchangishia matibabu. Yeye ni Msabato, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa ni kuanza Jumanne na kumaliza Ijumaa kabla jua halijatua. Wakimbiaji walikuwa watano: yeye, mwanamke mmoja anayeuza ndizi Suneka, na wenzetu watatu wa darasa.

Mimi sikimbii. Nina magoti ya mwanamke aliyesimama nyuma ya kaunta ya vitambaa miaka kumi na tano, na mwili ninaoupenda vile ulivyo. Nilipewa kazi ya kuendesha pikapu. Nilibeba maji, glukosi, uji wa wimbi kwenye chupa za chai, viazi vitamu vya kuchemsha, bandeji za malengelenge na mkebe mkubwa wa mafuta ya kupaka mapajani, maana wanaume wazima walililia mapaja zaidi ya walivyoililia miguu.

Rafiki yetu alikubali sura yake iwekwe kwenye fulana zetu kwa sharti moja, kwamba tupite kwao, kule Itumbe. Nalikumbuka vizuri sharti hilo kwa sababu alilisema dukani kwangu, amekaa juu ya robota la kanga, miguu imemvimba. Alikuwa ameachana na mumewe miaka minne nyuma. Alirudi kwao na mabegi mawili, akakuta baba ameshafariki na neno liko kwa baba zake wadogo, nao wakamwambia binti aliyekwisha olewa hana jiko kwao. Akaja kupanga chumba mjini. Alikuwa akienda kumwona mama yake mchana na kurudi jioni bila kulala huko. Mama hakuwahi kumwambia aondoke. Lakini hakuwahi kumwambia abaki pia, wala kufungua mdomo mbele ya wale shemeji zake.

Hilo ndilo lililokuwa likimla, si figo. Figo alizizungumza kama mtu anayezungumzia gari bovu. Lakini ukimtaja mama yake, sauti ilibadilika. Alizoea kunisimulia kwamba utotoni alilala kitanda kimoja na mama yake, na usiku akijigeuza, mama husogea mpaka ukutani ili yeye apate nafasi. Siku ile kwenye robota aliniambia, "Nataka aone watu wanakimbia kwa sababu yangu. Labda atasema kitu."

Basi nikaenda kuchapisha bango. Nilichagua picha aliyopigwa studio, gauni jeupe, maua nyuma, amecheka vizuri. Fundi wa mabango akaniuliza niandike nini chini, nikafikiri, nikamwambia: Daima Mioyoni Mwetu. Niliyapenda hayo maneno. Yalikuwa na uzito. Fundi akanitazama kidogo, akaniuliza kama nataka na tarehe. Nikamwambia tarehe za nini, wewe weka picha iwe kubwa. Akasema pole sana, nami nikashukuru, nikijua pole ni ya ugonjwa.

Mtu atauliza, wewe umezaliwa Kisii, umekulia Kisii, hukuona? Sikuona, wallahi. Sisi ni Waislamu wa mjini, babu alikuja hapa na biashara ya nguo akaoa Mgusii. Kwetu mtu akifa anaoshwa, anakafiniwa, anazikwa siku hiyo hiyo. Hazungushwi na picha. Magari ya matanga nimeyaona maisha yangu yote yakipita mbele ya duka, lakini kuona kitu kila siku si sawa na kukifanya, na kichwa changu kilikuwa kimejaa uji na malengelenge.

Jumanne ilikwenda vizuri. Suneka mpaka mjini ni kupanda tu, na muuza ndizi akawaacha wanaume wote nyuma kwa viatu vya raba ambavyo soli moja ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa gunia. Bango lilikuwa limefungwa ubavuni mwa pikapu, sehemu ya chini yenye maneno nimeikunja isiguse gurudumu. Saa tisa mvua ikashuka, kama kawaida yake huku, na upepo wa malori ukalichana pembe. Kwa hiyo Jumatano asubuhi nikalihamishia mbele, juu ya boneti, mahali ambapo litakaa imara. Kamba nikaipitisha kwenye vioo vya pembeni, pande zote mbili.

Sasa niwaelezeni gari lenyewe lilivyokuwa, nanyi mnihukumu. Mbele, picha ya mwanamke mwenye gauni jeupe na maneno Daima Mioyoni Mwetu. Taa za dharura zinawaka na kuzima, kwa sababu tulikwenda polepole. Nyuma, sanduku refu la barafu nililoazima kwa muuza soda, refu kuliko mimi, nami nikalifunika shuka jeupe ili vumbi lisiingie. Kipaza sauti kinaimba nyimbo za kwaya ya kanisa la mwalimu, zile za polepole, kwa sababu yeye husema zinamsaidia kupumua. Na nyuma ya gari watu watano wamevaa fulana nyeupe zenye sura ile ile, wanakimbia mwendo mmoja, wawili wameshika matawi ya miti ya kuwapungia wenye malori kwenye kona. Ndivyo tulivyotoka mjini.

Watu walituheshimu ajabu. Pikipiki zilisogea pembeni na kuzima injini. Lori la mchanga lilisimama kabisa. Mzee mmoja alivua kofia akaiweka kifuani, nikampigia honi na kumpungia mkono huku nikicheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Kina mama walisimama kando ya barabara wakasema poleni, poleni sana, na mimi nikatoa kichwa dirishani nikawaambia asanteni, bado tuna nguvu, leo tunalala Keroka. Kuna mmoja alinitazama kama nimerukwa na akili. Nikasema moyoni, watu wa huku kumbe wana utu hivi, na mimi miaka yote nagombana nao juu ya bei ya mita ya kitambaa.

Tulipokaribia Itumbe tukafika kwenye kituo cha kupimia majani chai. Wanawake walikuwa kwenye foleni na vikapu vyao mgongoni. Mmoja aligeuka, akaitazama picha. Nilimwona akiisoma. Kikapu kikamtoka, majani yakamwagika yote, akaweka mikono miwili kichwani na kupiga nduru. Sijawahi kusikia nduru kama ile nikiwa karibu hivyo. Wa pili akaipokea, wa tatu akaipokea, halafu nikaisikia ikipokewa ng'ambo ya bonde, kwenye mlima mwingine kabisa. Mwenye pikipiki mmoja aliwasha, akaondoka mbio kuelekea ndani, kwenye njia ya kwao rafiki yetu.

Nikasimamisha gari. Nilidhani tumegonga mtu. Mwalimu akaja akikimbia kutoka nyuma, akapita ubavuni, akafika mbele. Tangu asubuhi alikuwa anakimbia nyuma ya gari, hakuwa ameiona boneti hata mara moja. Akasimama. Akasoma. Akalitazama sanduku na shuka lake, akayatazama matawi mikononi mwa wenzake, akarudi kuisoma tena picha. Rangi ikamtoka usoni, na mwalimu ni mweusi hasa.

"Nani aliandika haya maneno?" akaniuliza.

Nikamwambia ni mimi.

"Basi tumemzika," akasema.

Nilishuka nikaliona gari langu kwa macho ya wale wanawake, nikashika mlango. Kila kitu kilikuwa wazi, wazi kabisa, mtoto wa chekechea angekiona. Tarehe! Yule fundi alikuwa ananiuliza tarehe ya kuzaliwa na ya kufa.

Mwalimu alijaribu. Aliwaendea wale kina mama, akawaambia kwa Ekegusii, kwa upole wake wote, kwamba hajafa, ni mgonjwa tu, yuko hospitalini. Wakalia zaidi. Nikaingilia kati mimi, nikapaza sauti, nikasema yuko hai, nimeongea naye jana, haki ya Mungu yuko hai. Mmoja akanikumbatia akalia begani kwangu, akaniambia nijikaze. Ndipo nilipotambua tulivyonaswa. Huku habari ya kifo haisemwi hivi hivi. Mtu wako akifa unapigiwa simu unaambiwa amezidiwa kidogo, njoo nyumbani. Unaambiwa yuko hospitalini. Unaambiwa hajambo, usijali, wewe njoo tu, mpaka ufike ushikwe na watu pande mbili. Kila neno tulilokuwa tukilisema lilikuwa ndilo lile linalosemwa mtu akishakufa. Kadiri tulivyokana, ndivyo alivyozidi kufa.

Nikampigia. Simu ilikuwa imezimwa. Ilikuwa siku yake ya mashine, na akilazwa huizima. Nikaing'oa ile picha, nikaitia chini ya kiti uso ukiangalia sakafu, na nikasikia mtu akisema tazameni, wanaificha. Nilitaka kumjibu vibaya. Nilikuwa na jibu tayari. Muuza ndizi akanisukuma ndani ya gari akasema twende kwa mama kabla mwenye pikipiki hajamuua kweli.

Tulichelewa. Kutoka kituoni mpaka kwao ni mwendo wa dakika kumi kwa gari, kwenye utelezi labda ishirini, na tulipoingia boma lilikuwa limejaa. Viti vya plastiki vilishafika, sijui vilipitia wapi. Wanawake walikuwa wakija kwa kukimbia kati ya chai, wakilia huku wamefunga leso kiunoni. Na katikati, chini kwenye nyasi, mama yake. Amenyoosha miguu, viatu vya mpira bado miguuni, kikapu cha chai pembeni. Halii. Anatazama mlango wa nyumba yake tu.

Mwalimu alipiga magoti mbele yake akamwambia. Sikumbuki maneno. Nakumbuka mama alimtazama kwa huruma, ndiyo, alimhurumia mwalimu, akampigapiga mkono kama anayesema najua mmetumwa, si kosa lenu. Baba mdogo, yule mkubwa wao mwenye neno, akatushukuru kwa kuwaletea habari taratibu kama watu wazima. Nikamwambia hakuna habari! Akaenda kwenye pikapu, akavua kofia, akainua pembe ya shuka kwa vidole viwili. Akaona soda, barafu na mikungu miwili ya ndizi mbivu. Nilidhani sasa atanielewa. Akarudisha shuka polepole, akauliza mwili uko mochari gani.

Mimi nilikuwa natembea huku na huko na simu mkononi, napiga, inakataa, napiga tena. Nilikuwa nimeweka sauti ya nje tangu barabarani kwa sababu ya kuendesha. Wanaume wakakusanyika kando ya ua, na kabla hata machozi ya watu hayajakauka wakaanza. Atazikwa wapi? Ndiyo, ndilo lilikuwa la kwanza. Si alikufaje, si alikuwa na nani. Baba mdogo alikuwa akiongea kwa sauti ya mtu wa kamati. Alisema ng'ombe wa mahari walipokewa na kuliwa, kwa hiyo huyu ni wa mumewe, arudishwe kule. Mume akimkataa, kuna pahali nje ya ua, karibu na kijito, wanapowekwa wasio na kwao. Hapa bomani hakuna nafasi yake. Alisema hivyo, na kichwa chake kikaitikia maneno yake mwenyewe.

Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama. Aliwapita wale wanaume kana kwamba ni miti, akazunguka nyuma ya jiko, akarudi na jembe. Baba wa rafiki yetu amelala upande wa kulia wa nyumba, kaburi limesakafiwa. Upande wa kushoto ni wa mke, ndivyo ilivyo huku, na kila mtu bomani anajua ile sehemu ni ya nani ingawa imeota nyasi tu. Mama alikwenda upande wa kushoto. Akainua jembe, akakata pembe ya kwanza. Akapiga hatua, akakata ya pili. Wanaume walikuwa wameupa mgongo ule upande, bado wanabishana. Akakata ya tatu. Tulioona tulikuwa wachache. Alikata ya nne, akaliegemeza jembe begani, akasimama katikati ya zile pembe nne. Hakuna sauti iliyomtoka. Alikuwa ametoa mahali pake, pa kulala na mumewe, amempa bintiye, na hakuna mwanamume aliyejua.

Na baba mdogo akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, kwamba hapa hakuna nafasi yake.

"Baba mdogo," ikasema simu mkononi mwangu. "Mimi bado nasikia."

Sijui simu ilipokewa saa ngapi. Nilikuwa nimebonyeza na kusahau, macho yangu yote yako kwenye jembe. Alikuwa ametoka kwenye mashine, amewasha simu, akaniona napiga, akapokea, akasikia jina lake likijadiliwa, akanyamaza akasikiliza. Sauti ilikuwa dhaifu, ya mtu aliyetoka kunyonywa damu na kurudishiwa, lakini ilikuwa yake, na bomani kila mtu anaijua. Viti vilianguka. Mwanamke mmoja alikimbilia kwenye chai na hakuonekana tena siku hiyo. Baba mdogo alikaa chini pale pale alipokuwa, kwenye matope, na kofia yake mkononi. Mimi nilipoileta simu mdomoni nilikuta imeshakatwa.

Mama alikuja mpaka nilipo. Aliitazama simu. Halafu akaniuliza kama binti yake amekula. Nikamwambia sijui, Mama. Akasema, "Mlete."

Jioni ile ile nilikwenda chumbani kwake mjini. Hakunifungulia. Tulizungumza mlango ukiwa kati yetu, mimi nimekaa kwenye ngazi, wapangaji wenzake wakinipita na ndoo. Nilimwomba radhi kwa picha, akasema picha si neno. Akasema amesikia yote tangu ng'ombe mpaka kijito. Akasema, "Na mama alikuwepo. Nimemsikiliza sana. Amenyamaza." Nikamwambia kuhusu jembe. Nilimwambia kila kitu, pembe moja moja. Akasema ahsante, dada, lakini usinipoze. Nikamwapia. Akasema ninyi wote mkitaka kumpoza mtu huwa mnaapa. Nilitaka kuuvunja ule mlango. Alikuwa na haki ya kutoniamini na hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu siku nzima nilikuwa nimesema kweli na kweli yangu haikumfaa mtu yeyote.

Mbio zenyewe niseme tu kwamba ziliisha Ijumaa, saa kumi na moja, jua likiwa bado juu ya miti ya Sironga. Muuza ndizi alikata utepe. Kile kiti tulichokuwa tumemwekea rafiki yetu katikati ya uwanja, chenye kitambaa nilichokishona mwenyewe, kilibaki kitupu, na watu wakaniuliza yuko wapi, wengine kwa wasiwasi, maana uvumi ulikuwa umefika mpaka huko. Sikukasirika. Nilijua alikuwa wapi, kwa sababu nilikuwa nimempeleka mimi Alhamisi.

Alhamisi mwalimu aliniambia niwaache, watanunua maji njiani, mimi niende. Nilifika kwa rafiki yetu saa tatu asubuhi na hasira zangu kamili. Nilimwambia kupitia mlango kwamba nina siku nzima, nina uji, nina kiti, na nitakaa hapa nikimtukana kwa sauti mpaka mwenye nyumba amfukuze. Ananijua. Akafungua. Alikuwa amevaa leso mbili na alikuwa amelia mpaka macho yamekuwa madogo. Hakuniuliza tunakwenda wapi.

Tukaondoka. Alikaa mbele, kichwa kwenye kioo, na boneti mbele yetu ilikuwa tupu, na alama za kamba tu kwenye rangi. Tulipopita kituo cha majani chai, yule mwanamke wa kikapu aliinua macho akamwona. Akaacha kikapu kwa mara ya pili wiki ile, akatimua mbio. Mwenye pikipiki mmoja aligeuza shingo mpaka akaingia mtaroni, polepole, na pikipiki ikamlalia. Rafiki yangu akacheka. Kicheko kidogo, akakifunika na leso, lakini nilikisikia. Nami nikaongeza mwendo.

Boma lilikuwa kimya. Viti vimerudishwa. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amebadilisha nguo, amevaa ile ya kanisani. Hakumkimbilia. Alimshika mikono yote miwili, akaigeuza, akaukuta ule mshipa uliovimba wanapotobolea kwa ajili ya mashine, akaweka kidole juu yake akausikiliza ukitetemeka. Akampa kikombe cha uji, nusu tu. Rafiki yangu akanitazama kwa mshangao. Amekatazwa kunywa zaidi ya hivyo, lakini hakuwahi kumwambia mama yake. Baadaye nilisikia kwamba mama alikwenda mwenyewe kwenye zahanati, miezi mingi nyuma, akauliza mtu wa namna hiyo anakula nini na anakunywa kiasi gani, akarudi nyumbani akanyamaza.

Alikunywa, akasimama, akataka kuondoka. Namjua, alitaka kuondoka kabla hajaambiwa. Tukatoka nje, na hapo akaliona. Mvua ya jana ilikuwa imelainisha udongo, kuku wamepekua pembe moja, lakini nyingine tatu zilikuwa wazi, zimekatwa kwa mkono wa mtu anayejua jembe. Pembeni kulikuwa na shina la mgomba, limekatwa na kulazwa juu ya nyasi. Ardhi ikishaguswa kwa ajili ya mtu huku haiachwi hivyo, huzikwa shina la mgomba badala yake, ili isiendelee kumngoja. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyelileta alfajiri, bila kuangalia watu usoni, na mama akamzuia, akamwambia asizike chochote mpaka mwenyewe aje aone.

Rafiki yangu alitazama kaburi la baba yake upande wa kulia. Akatazama kushoto. Alikaa hivyo muda, kulia, kushoto, na nikaona anaelewa, na nilitamani kuwa mahali pengine.

"Nani alikata hapa?" akauliza.

"Mimi," akasema mama.

"Wakati baba mdogo anaongea?"

"Alikuwa akiongea sana."

Rafiki yangu akaenda mpaka kwenye zile pembe, akasimama nje yake, hakukanyaga ndani. Alipoongea, alikuwa na sauti ya mtoto.

"Hapa ni pako, Mama. Wewe ungelala wapi?"

Mama yake alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Hapa hapa," akasema. "Ningesogea."